Chumba cha Mtu Mmoja

Sufuria ya mtu mmoja ilijitokeza tena kwenye simu ya fundi kufuli, safari hii kwa bei iliyopunguzwa.

"Hawa wananiona kapera," alimwambia mkewe.

Mkewe hakucheka.

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Kitanda cha mtu mmoja. Chumba cha kupanga cha mtu mmoja. Hakuwahi kutafuta vitu hivyo. Alizima kila kilichozimika, matangazo yakazidi. Maduka ya mtaa mzima aliyatilia kufuli yeye, lakini kisimu cha mfukoni kilimshinda.

Akaenda kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuza simu. Akabadilisha simu, akachukua ya kampuni pinzani, ile inayojisifu kwamba siri yako ni yako.

Akaingia kwa akaunti yake ileile; hata dukani hajatoka, tangazo la chumba likatokea.

"Si ulisema hawa hawachunguzi mtu?"

"Wanasema wao, shemeji, si mimi. Hadharani wanatukanana, uani wanauziana habari zetu." Akajikuna shingo. "Halafu nyumbani mnatumia intaneti moja. Pengine anayetafuta si wewe."

Akageukia mteja mwingine. Hakumtazama tena usoni.

Njiani fundi aliikumbuka pete ya ndoa. Mkewe aliivua mwezi uliopita, akaitundika kwenye msumari wa jikoni. "Inapwaya," alisema. Na ile tabia mpya ya kumwita jikoni kila jioni: mchele unaoshwa hivi, chumvi kiasi hiki. Kumbe alikuwa akimwandalia ukapera.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda, kaegemea ukuta, maharage yako motoni.

"Unahamia wapi?"

"Sihami popote."

"Na chumba unachotafuta?"

"Chako hicho. Kodi ya nyumba hii hutaiweza peke yako."

"Kwa hiyo unanifukuza. Ni nani huyo mwanamume?"

Mkewe alimnyooshea mwiko bila kuinuka. "Koroga kwanza, yasishike chini."

Hakuupokea. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, maneno yote yako mdomoni, lakini simu mpya ikatetemeka kiganjani na macho yakaenda yenyewe.

Majeneza ya mbao ngumu, ya kike na ya kiume. Jichagulie mwenyewe mapema.