Baba Amesimama

"Baba amesimama," Tabita alisema kwenye simu ya setilaiti, na dada yake Aviaja, aliyekuwa ameketi juu ya begi la mawe nje ya hema, akasahau kwa muda kwamba magoti yanamuuma.

"Peke yake?"

"Peke yake, dada. Aliachia kiti, akatetemeka, akaanguka kwa makalio. Kisha akatugombeza sote kana kwamba sisi ndio tuliomsukuma."

"Anakula?"

"Uji. Samaki pia, nikimpondea. Nyama ataitafuna kwa meno gani? Lakini njoo, dada. Wiki hii atatembea, namjua."

"Mwambie anisubiri."

"Mwambie mwenyewe. Tangu lini Baba akamsubiri mtu?"

Simu ikakatika. Aviaja akabaki ameishika, akitazama barafu inavyoelea kule chini kwenye ghuba.

Huo ndio uliokuwa mtihani wake kiangazi chote: nyumbani kulikuwa na Baba, huku kulikuwa na mlima. Watu hudhani mjiolojia huchimba. Yeye alikuwa akitembea tu, anafuata mstari ambapo jiwe jeusi hukutana na jeupe, anagonga kwa nyundo, anapaka rangi kwenye ramani, anatembea tena, bunduki ya kufukuzia dubu ikimchuna bega na mbu wakimla mpaka ndani ya masikio. Alikuwa na ule uchovu ambao hata ukilala unaamka nao. Ramani ilibakiza kipande kimoja, mteremko wa kaskazini, na helikopta ilitarajiwa Ijumaa.

"Aviaja! Njoo uone kutu!"

Huyo alikuwa Troels, mkuu wa kambi, Mdanishi mwenye moyo mzuri ambaye hiki kilikuwa kiangazi chake cha kwanza Greenland. Alikuwa amesimama na darubini, uso umemng'aa. Palipo na kutu huenda pana shaba ndani ya mwamba, na ng'ambo ya mto, juu kabisa ya genge, palikuwa na doa kubwa la rangi ya chungwa.

"Kwa mbali kila kitu ni kutu, bosi."

"Nenda tu ukahakikishe. Ni hapo tu."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hapo tu pa Troels palimla Aviaja siku nzima. Alivuka mto maji yakimfika mapajani, akapanda kwa mikono na magoti, akafika juu akiwa hana hata nguvu ya kutukana. Aliporudi, aliweka kipande cha jiwe mbele ya bosi wake.

"Mbona kutu yenyewe inabanduka kwa ukucha?" Troels aliuliza.

"Ni ukoga wa mawe, si kutu. Huota pale shakwe wanapokaa na kujisaidia. Umenipandisha kwenye choo cha ndege, bosi wangu."

Troels akawa mwekundu hadi shingoni. Angecheka, lakini aliona Aviaja hamtazami. Alikuwa akitazama baharini, ambako ukungu ulikuwa umeanza kuingia, mzito na mweupe. Ukungu ukishakaa kwenye ghuba ile, helikopta haiji Ijumaa, wala Ijumaa inayofuata. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakujisumbua kuyafuta.

"Kuna nini?"

"Baba."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Sasa?"

Aviaja alikuwa akifungua kamba za viatu, vidole vimekufa ganzi. "Anasimama, anaanguka. Analishwa kwa kijiko. Usiku hulia mpaka aimbiwe. Na mimi niko huku nagonga mawe." Akavuta kiatu, maji yakamwagika. "Nilishamkosa mara moja, Troels. Nilikuwa kambini hivi hivi, ukungu huu huu. Sikuwahi. Nikimkosa tena sitajisamehe."

Troels alikitazama kile kiatu, kisha ukungu.

"Nyinyi watu mnajikaza mno," alisema. "Kiangazi chote, hata neno!"

Akachukua simu, akaita helikopta ije papo hapo, kabla ghuba haijazibwa. Waliuliza kuna dharura gani, maana helikopta haisogezwi kwa mapenzi ya mtu. Akawaambia ni mzee, na kwamba huenda hana siku nyingi. Aviaja alifungua kinywa, kisha akakifunga. Kueleza nako kunataka nguvu.

"Na mteremko wa kaskazini?" aliuliza.

"Nitautembea mimi. Nikikuta choo kingine, nitakipanda mwenyewe."

Helikopta ilitua ukungu ukiwa umeshameza nusu ya mto. Troels alimbebea begi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Msalimie mzee. Mwambie namwombea."

"Nitamwambia. Hataelewa, lakini nitamwambia."

Njia nzima hakulala. Kijiji kilipotokea, nyumba nyekundu na za buluu juu ya mawe, alikuwa ameshafungua mkanda, rubani akamkemea. Alishuka akikimbia, magoti yakilia, na Tabita akampokea mlangoni.

"Umewahi. Bado hajatembea. Tangu asubuhi anazunguka ameshika kuta, na mtu akitaka kumsaidia anamzaba kibao."

Aviaja aliingia na viatu vyake vya matope, jambo ambalo hakuna mtu wa kwao anayelifanya, akapiga magoti katikati ya sebule, akanyoosha mikono.

"Njoo, Baba," aliita, na binti yake, aliyezaliwa baada ya mzee kuzikwa na, kwa desturi ya kwao, kupewa jina la mzee na kuitwa Baba, akauachia ukuta na kuja.