Viatu Kwenye Kizingiti

Mambo yaliharibika Jumatatu ile wakubwa wa mji walipoamuru vyuma vya kushikia kwenye ngazi za mlimani vipakwe rangi nyekundu, maana mgeni wao anakuja, na mgeni asione kutu. Kesho yake mke wa Wen alishika chuma kimoja, kikakatika, akaanguka nacho bondeni.

Leo Wen alipanda tena, pamoja na binti yake Meilan na mkwewe. Kifuani alikumbatia viatu vya marehemu.

"Baba, tupumzike," Meilan alisema. "Mlima haukimbii."

"Haukimbii, lakini unaua. Twende."

Juu, hekalu la Watao, wafuasi wa dini ya kale ya Kichina, lilikuwa kimya. Mtawa mzee wa kike alikaa kando ya kengele, nyundo ya mti mkononi. Kila aliyevuka kizingiti kirefu cha mlango aligongewa mlio mmoja, ili mlima ujue amefika. Akamgongea mkwe, akamgongea Meilan. Wen aliinama, akavitua viatu upande wa ndani, kisha naye akavuka.

Kengele ikalia.

"Bado mmoja," Wen alisema.

"Baba, usimtese bibi wa watu," Meilan alinong'ona.

"Wakubwa walisema mama yako aliteleza mwenyewe, nikanyamaza. Hili sinyamazi. Mgongee, mama."

Mtawa aliinua nyundo, akavitazama vile viatu, matope yamekaukia kwenye nyayo. Nyundo ikabaki hewani.

"Mzee mwenzangu," akauliza taratibu, "aliyebebwa, naye amefika?"