Kichupa cha Mwisho Chunguni

Bi Mwanakheri aliporudi kutoka sokoni, Tunu, mke wa mwanawe, alimtolea kichupa cha insulini kwenye friza, kimeganda kama jiwe.

"Niliona kule chunguni kitaharibika, mama, nikakihamisha. Kitayeyuka sasa hivi."

"Kitayeyuka, mwanangu, ila nguvu haitarudi. Dawa hii yataka ubaridi, barafu huiua."

Akamshika mkono, akampeleka hadi upenuni, penye vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa. Ndani kilibaki kichupa kimoja, cha kumfikisha Bi Mwanakheri mwisho wa mwezi.

"Mimi nashinda sokoni. Mchanga huu ndio unaokipoza; usikauke."

"Na nikikosea tena?"

Bi Mwanakheri akamkabidhi kata ya maji, akaenda zake bila kugeuka. Nyuma yake akasikia mchanga ukinywa maji.