Herufi za Kijivu

Historia yote ya amri alizoandika kaka yangu kwenye kompyuta yake nilishaifuta, kwa hiyo zile herufi za kijivu hazikutakiwa kutokea.

Toleo jipya la ile programu yake ya amri liko hivi: ukianza kuandika, linakukisia yaliyobaki kwa rangi ya kijivu, kutokana na amri ulizowahi kuandika. Ukikubali, unabonyeza mshale wa kulia. Kama hakuna historia, linanyamaza.

"We, umelala humo?" mama aliita kutoka jikoni. Alikuwa anachanganya sukari kwenye ngano iliyochemshwa kwa ajili ya arobaini ya kaka yangu, Tihomir. "Binamu yako anaifuata kompyuta saa sita!"

"Bado kidogo, mama."

"Bado kidogo, bado kidogo. Kama kaka yako tu."

Halafu nikasikia mwiko umesimama.

Nilikuwa nimeandika "fu" tu, mwanzo wa amri ya kufuta diski nzima, picha zake, sauti yake, kila kitu. Mbele yake kijivu kikatokea, neno moja moja, polepole:

fungua  barua  ya  dada  kwanza

Dada yake ni mimi peke yangu. Kati ya maneno kulikuwa na nafasi mbili mbili. Kitufe cha nafasi kimelika pale dole gumba lake lilipokaa, maana alikuwa anakigonga mara mbili kila neno. Tulikuwa tunamcheka.

"Bonyeza tu, mwanangu," mama alisema, sasa yuko mlangoni, mikono ina sukari. "Tumalizane nayo."

Nikabonyeza mshale wa kulia.