Mashine ya Kazi Nzito

Duka la tatu sasa, na Nzilani alikuwa bado anauliza bei.

Ndululu alisimama karibu na mlango akijifanya anachagua kava ya simu. Miguu ilimuuma. Tangu asubuhi alikuwa akimfuata msichana huyu hapa Kitui mjini, tangu aliposhuka kwenye gari la kutoka Kathonzweni, na kazi yake ilikuwa moja tu: ile diski ndogo nyeusi iliyokuwa mkobani mwa msichana isifike Nairobi kwa wapelelezi. Ikifika, Ndululu amekwisha.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nzilani hupiga video za sherehe. Wiki mbili nyuma alirusha drone yake, kamera ya angani, kwenye ntheo ya watu fulani, mbuzi wa posa wakipokelewa na akina mama wakicheza, na drone ikasukumwa na upepo hadi mtoni, pale mchanga hupakiwa kwa wizi. Siku hiyo mzee Musa, mlinzi wa mto, alikuwa amesimama mbele ya lori akikataa kuondoka. Ndululu alimpiga na sepetu. Mara moja tu, na hakukusudia kumuua, lakini mzee hakuamka. Kisha akasikia kitu kinavuma juu, akainua uso, akakitazama sawasawa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Upumbavu wake mwenyewe, na alijua.

Lakini huyu msichana naye! Umebeba kitu kama hicho mkobani, halafu unazunguka mji mzima ukilinganisha kompyuta? Duka la kwanza, maswali nusu saa. Duka la pili, kwa Rashid ng'ambo ya barabara, maswali nusu saa nyingine. Ndululu karibu amhurumie.

Khamisa, mwenye duka hili, alikuwa ameweka laptop mbili mezani, ya kijivu na nyeusi. Zote za kazi nzito, RAM sitini na nne. Ya kijivu ilikuwa laki nne na elfu ishirini, nyepesi, chaji inafika jioni. Nyeusi ilikuwa laki tatu na nusu, nafasi maradufu, ila charger yake nzito kama tofali. Nzilani akasema Rashid anauza ile ya kijivu laki tatu na tisini. Khamisa akacheka, akamwambia arudi akaulize kama hiyo ya Rashid ni mpya au ni ya kurudishwa.

"Nataka kuijaribu hii ya kijivu na kazi yangu mwenyewe," Nzilani akasema.

Khamisa akakubali, ila akasema lazima kwanza waingize hiyo kazi ndani ya mashine, la sivyo watakuwa wanapima diski na si laptop. Diski ikatolewa. Ndululu hakuiondolea macho mpaka ilipochomolewa na kurudi mkobani. Kwenye skrini walitokea mbuzi, halafu akina mama wa ntheo wakitikisa mabega. Akageukia kava zake.

"Sasa igeuze iangalie barabara, nione kama inashindana na jua," Nzilani akasema. "Na uiache icheze mpaka nirudi. Video yenyewe inachukua saa mbili. Nataka kujua kama itapata joto."

Maneno ni yale yale aliyowaambia Rashid na yule wa kwanza. Khamisa hakuona shida, mnunuzi wa laki nne ana haki ya kusumbua. Akaigeuza. Nzilani akatazama saa, akaisogeza video mbele kidogo, kama alivyofanya kule kwingine.

Nzilani akatoka, akapinda kwenye kichochoro nyuma ya maduka, peke yake. Ndululu alishangaa bahati yake. Alimfikia karibu na choo cha shimo cha wapangaji, mkono ukiwa ndani ya jaketi, umeshika kisu.

"Diski."

Msichana hakupiga kelele. Zipu ya mkoba ikagoma kidogo, lakini alitoa. Ndululu akamuuliza nani mwingine anayo.

"Hakuna mtu nimempa mkononi," akasema. Halafu, machozi yakimtoka, "Saa hii ni saa ngapi?"

"Saba kasoro. Kwani una haraka?"

Msichana akajifuta uso. Ndululu akamtazama shingo kwa muda. Tajiri wake, mwenye malori ya mchanga, alikuwa amesema msichana pia asirudi nyumbani, lakini mchana huu, na watu wanapita pale mwisho wa kichochoro? Nyumbani kwao anapajua. Akamwambia aende, na asithubutu kuangalia nyuma.

Aliiponda diski na jiwe mpaka ikawa vipande, akavitupa vyote chooni. Akampigia tajiri, akamwambia kazi imekwisha. Wiki mbili alikuwa hajala akashiba, na sasa njaa ilimshika ghafla. Akarudi barabarani kutafuta hoteli yenye nyama.

Nje ya duka la Khamisa watu walikuwa wamejazana. Ng'ambo, kwa Rashid, pia. Alidhani mwizi ameshikwa, ila mwizi akishikwa huwa kuna kelele, na hawa walikuwa kimya. Akajipenyeza kwa bega mpaka mbele.

Mbuzi walikuwa wameisha. Kwenye skrini kulikuwa na mchanga mweupe, lori, na mzee amelala kifudifudi. Kisha uso mmoja ukainuka taratibu ukajaza kioo chote, safi kabisa, jua likiwaka lakini kila jino likionekana.

Mama aliyesimama kando yake, mtoto mgongoni, aliangalia skrini, akamwangalia Ndululu, kisha akaangalia skrini tena. Akamshika mkono mwanamume aliyekuwa karibu naye.