Muziki wa Saa ya Ugali

Kila jioni, maji ya ugali yakianza tu kutokota, Nyariek alimfukuza binti yake nyumbani.

“Nenda! Mwalimu anakungoja.”

Abang hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alichomoka mlangoni, akakata uchochoro, akapotea kwenye vumbi la kambi ya Kakuma. Nyariek alimpakulia Chuol, mwanawe mdogo, kisha akakwangua ukoko uliosalia sufuriani. Hata kuku asingeshiba.

Mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa, ukapunguzwa tena. Nyariek alizijua mbinu zote za kubana: kupika mara moja kwa siku, kuzima makaa kwa mchanga yawake tena kesho, kuchemsha majani ya kunde mpaka yasahau kwamba ni majani. Lakini unga ni unga. Ukiugawa kwa watu watatu, hashibi hata mmoja. Kule zahanati walikuwa wamepima mkono wa Chuol na kutikisa vichwa. Mama gani huchagua mtoto wa kula na mtoto wa kutazama? Nyariek alichagua, na moyo ukamuuma hadi akawa mkali kwa kila mtu.

Ndipo akamfikiria Gatjang.

Gatjang alikuwa akiunda thom, kinanda cha nyuzi cha Wanuer, kwa mikebe ya mafuta ya msaada na waya za breki za baiskeli. Watoto aliwafundisha bure. Watu walimcheka, na Nyariek alicheka kuliko wote, mpaka jioni moja alipopita pale akamwona mkewe, Nyadak, ameketi mbele ya karai la mandazi ya kuuza. Nyumba ile haikukosa moshi. Na mtu gani mwenye utu angemwacha mtoto wa mwenzake akodoe macho wao wakila?

“Mtoto huyu anapenda muziki sana, Mwalimu,” alidanganya bila kupepesa jicho. “Tangu tumboni.”

Siku ile ya kwanza alimdaka Abang mlangoni akirudi.

“Umekula?”

“Nimeshiba, Mama.”

Nyariek alishusha pumzi aliyoibeba tangu mgao ulipopunguzwa.

Ikawa ndiyo desturi: swali ni lile, jibu ni lile. Abang akigugumia maji kikombe juu ya kikombe kabla ya kulala, mama yake alisema mandazi ya Nyadak yanatia kiu. Akizidi kukonda, mama alijiambia kwamba anarefuka. Na kwani mwaka ule nani hakukonda Kakuma?

Lililomshangaza ni kwamba uongo wake uligeuka kweli. Thom ilimteka mtoto. Hata akiwa usingizini vidole vyake vilitembea juu ya mbavu zake mwenyewe, vikitafuta nyuzi. Alitunga wimbo wa foleni ya maji. Akatunga mwingine wa mbuzi aliyetafuna kadi ya mgao, kisha mbuzi huyo akaenda kupanga foleni pamoja na watu. Nyariek, ambaye masikio yake hayakujua tofauti ya wimbo na kelele, alijikuta anauimba huo wa mbuzi akifua nguo.

Siku moja Gatjang alikuja mwenyewe mpaka mlangoni.

“Mama Abang, huyu si mwanafunzi tena. Kuna tamasha Lodwar, nataka akapige. Nimeanza kutafuta vibali vya kutoka kambini. Wewe na Nyadak mtakuja naye.”

“Huko wasanii wanalishwa?”

Gatjang alicheka, akidhani ni utani.

Huko Lodwar, Abang alipanda jukwaani amekumbatia mkebe wake. Mikono ilimtetemeka, na kila mtu akadhani ni woga. Kisha akagusa nyuzi. Alipofika kwa yule mbuzi kwenye foleni, wafugaji wa Kiturkana waliokuja kutazama walipiga mapaja kwa kicheko, wakataka arudie. Akarudia, nao wakaimba naye maneno ambayo nusu yake hawakuyaelewa.

Nyariek alilia waziwazi, hakumjali mtu. Alikuwa amemtuma mtoto akale, naye Mungu akamrudishia msanii. Kwa mara ya kwanza tangu akimbie kwao aliona kwamba amefanya jambo moja sawasawa.

Baadaye waliitwa nyuma ya hema. Christine, mama wa Lodwar aliyesimamia masufuria, aliwapungia mwiko akiwasalimu kwa Kiturkana.

“Ejok! Nyinyi watu wa Kakuma, kujeni. Chakula iko mingi, msiogope.”

Kulikuwa na wali na nyama ya mbuzi. Abang hakungoja kijiko. Alikula kwa mikono miwili, mchuzi ukimtiririka hadi viwikoni, akalamba sahani yake, kisha akaikazia macho sahani ya mama yake. Watu walianza kugeuka. Nyariek aliisukuma sahani yake kwa mtoto, akamwinamia Nyadak na kucheka ili aifukuze aibu.

“Hebu mwone! Watu watasema miezi yote hii ulikuwa unamnyima mandazi yako.”

“Mandazi yangu?” Nyadak hakucheka. “Mama Abang, huyu hajawahi kuonja chakula chetu. Gatjang hafundishi mtoto mwenye njaa, humrudisha kwao akale kwanza. Lakini Abang hatujamrudisha hata siku moja. Kila jioni hufika akituambia umemshibisha.”