Jicho la Mnunuzi

Sheria inasema mnunuzi wa ng'ambo asiporidhika na alichoshinda mnadani mtandaoni, jicho lake la kamera hubandikwa nyumbani kwa muuzaji mpaka aridhike. Letu lilikuwa la bwana mmoja aitwaye Anselm. Alitaka mbuzi ya kukunia nazi iliyotumika kweli, nikamuuzia ya marehemu mama. Akaiosha kwa mashine ya kuoshea vyombo, ubao ukapasuka, akalalamika kwamba nimemtapeli.

Basi jicho likakaa juu ya jiko. Kila nikikuna nazi linauliza kwa nini nimekaa upande juu ya mbuzi yangu. Alitaka niipande kama punda?

Mume wangu Shaali, mpumbavu mwingine, akaanza kuliinulia sinia kabla hatujala.

"Anapenda kuona wali ulivyochambuka," akaniambia.

Jana Anselm alitangaza kwamba ameridhika, maana amepata mjane wa Pangani wa kumsumbua kwa kinu. Fundi akalibandua jicho, nikapakua. Shaali akainua sinia kuelekea tundu la msumari pale jicho lilipokuwa, akangoja.

"Shaali, kula."

Hakula. Na mimi, mwenye mdomo wote huu, sikuwa nimetia mkono.